Je, mwanangu mwenye ualbino hana zile seli nyeusi za ubongo?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Mama yangu mzazi ana miaka 67. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu, na sasa anatembea kwa hatua fupifupi. Yeye ni msusi wa ukili, na siku hizi ukili hauendi. Daktari alituambia ni Parkinson, kwamba kuna seli nyeusi kwenye shina la ubongo zinakufa. Tangu siku hiyo silali. Mwanangu wa mwisho, wa miaka sita, ana ualbino, na macho yake yanachezacheza tangu alipokuwa mchanga. Nimejiuliza: kama mwili wake hautengenezi weusi, si ina maana hata hizo seli hana? Hayo macho ndiyo mwanzo wa kutetemeka? Na kwa upande wa mama, dawa zitarudisha huo weusi? Jirani anasema tumpe mbegu za upupu. Halafu kuna jambo naona haya kulisema. Miaka kama kumi kabla ya ugonjwa, mama alikuwa akipiga mateke na mayowe usingizini. Tulijua ni majini, tukamsomea. Vinahusiana?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi, mengine yatafuata. Mtoto wako anazo hizo seli. Ziko mahali pake kama za mtoto mwingine yeyote, na Mungu akimjalia umri zitakuja kuwa nyeusi kama zako na zangu. Macho yake kuchezacheza hakuna undugu wowote na mkono wa bibi yake. Sasa vuta kiti, maana nataka uelewe kwa nini nasema hivyo, usije ukaniamini leo na kesho mtu mwingine akakutia hofu upya.

Hesabu uliyoipiga ni ya mtu mwenye akili. Ngozi haina weusi, nywele hazina, macho hayana. Ubongo nao una sehemu nyeusi. Basi huko nako patakuwa patupu. Hesabu imekosea mahali pamoja tu, pale ilipodhani weusi wote wa mwili unapikwa jiko moja. Na hukuwa wa kwanza kukosea hapo. Katikati ya karne ya 18, Johann Friedrich Meckel, daktari wa Berlin aliyesifika sana kwa kupasua maiti, alitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika una rangi nyeusi kuliko wa Mzungu, kana kwamba ngozi imevujia ndani. Miaka kama thelathini baadaye, mwaka 1786, Mfaransa Félix Vicq-d'Azyr akachapisha maelezo ya ukanda mweusi kabisa ndani ya bongo alizozichunguza huko kwao Paris. Wenye bongo hizo walikuwa Wafaransa. Laiti watu wangesoma picha zake vizuri, mjadala wa Meckel ungeishia hapo.

Tuutafute huo ukanda. Weka kidole kisogoni, pale shingo inapokutana na fuvu. Ndani ya hapo, ukipanda juu, ndiko liliko shina la ubongo, kipande kifupi kinene kuliko kidole gumba kinachounganisha uti wa mgongo na ubongo mkubwa. Kupumua, kumeza, mapigo ya moyo, kuamka na kulala vyote vina vituo vyake humo. Lina ghorofa tatu: chini ni medula, katikati ni ponsi, yaani daraja, na juu kabisa ni ubongo wa kati.

Miaka niliyofundisha anatomia, wanafunzi walikuwa wakifika kwenye ubongo wa kati wanakimbilia kufungua kitabu. Nilikuwa nawaambia wakifunge, waukate kwa kisu kama unavyokata ndizi vipande vya duara, kisha watazame. Kwenye ubongo wa mtu aliyekufa mzee unaona nyusi mbili zilizopakwa wanja, moja kushoto, moja kulia. Hakuna aliyezipaka. Ule wanja ni seli za neva zenyewe, laki kadhaa zikijumlishwa pande zote mbili, katikati ya ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Wataalamu waliupa jina la Kilatini, substansia nigra, kitu cheusi. Si jina la kifahari, lakini angalau linasema kweli.

Ghorofa ya daraja nayo ina doa lake, dogo zaidi. Urefu wake ni kama theluthi ya njiti ya kiberiti, moja kila upande, na seli zake zote hazifiki laki moja. Linaitwa lokusi seruleusi, mahali pa buluu. Lenyewe ni jeusi, ila linatazamwa kupitia tabaka jembamba la ubongo lililo juu yake, ndiyo maana linaonekana buluu, kama mshipa wa damu unavyoonekana kwenye mkono wa mtu mwenye ngozi nyepesi. Na chini kwenye medula kuna seli nyingine chache zenye rangi, zimetawanyika, baadhi zikiwa karibu na kituo cha neva ya vagasi inayokwenda tumboni. Shika maeneo haya matatu, juu, katikati na chini. Nitayarudia nikifika kwa mama.

Kwa nini seli hizi ziwe nyeusi wakati jirani zake zote ni za kijivu? Naamini umewahi kuingia jiko la kuni la zamani, lile la nyasi au makuti. Paa lake kwa ndani limegandwa na masizi, meusi yanayong'aa. Hakuna aliyelipaka. Limekuwa jeusi kwa kupikiwa chini yake miaka na miaka, na ukitazama tu paa unajua mafiga yalikaa wapi.

Seli za substansia nigra kazi yake ni kupika dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuanzisha na kulainisha mwendo. Seli za lokusi seruleusi zinapika noradrenalini, ndugu yake, ya kutuweka macho na wepesi wa kushtuka. Kemikali hizi mbili hazitulii. Zikibaki nje ya vifuko vyake zinaungana na oksijeni, na mabaki yake yanagandamana na mafuta, protini na madini, hasa chuma, mpaka yawe chembe nyeusi. Seli inazifungia chembe hizo kwenye mifuko maalumu. Kwa kuwa seli ya neva haijigawi kama ya ngozi, haina pa kuzimwaga. Inabaki nazo maisha yake yote. Hayo masizi ndiyo tunayaita niuromelanini. Mfano wangu una kasoro moja, na ni vizuri niiseme: masizi ya jikoni ni uchafu mtupu, lakini niuromelanini inashika chuma na sumu nyingine zisirande ovyo ndani ya seli. Kwa hiyo ni masizi na ni ghala kwa pamoja.

Kutokana na hapo mengi yanajieleza. Mtoto mchanga, awe wa rangi gani, nyusi zake za ndani hazina wanja, kwa sababu jiko ndiyo kwanza limewashwa. Weusi kwenye substansia nigra unaanza kuonekana mtoto akiwa na miaka kama mitatu, kisha unakolea polepole hadi uzeeni. Maana yake, hata mtoto wa jirani mwenye ngozi nyeusi ya kung'aa, akiwa na miaka sita kama wako, ndani bado ni wa kijivujivu. Na panya wa maabara, ambao dopamini wanayo na wanakimbia kuliko sisi, hawana weusi huo unaoonekana kwa macho hata wakizeeka. Seli inaweza kufanya kazi bila masizi. Dopamini ndiyo kazi. Weusi ni alama ya kwamba kazi imefanyika.

Sasa ualbino. Weusi wa ngozi, nywele na macho unatengenezwa na seli za aina nyingine kabisa, melanosaiti, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Aina ya ualbino iliyo nyingi kwetu Afrika inatokana na hitilafu kwenye jeni liitwalo OCA2, inayofanya vile vifuko vya rangi vya melanosaiti visikomae sawasawa. Aina nyingine inatokana na hitilafu ya tirosinasi yenyewe. Seli za substansia nigra hazipiti njia hiyo. Malighafi ni moja, asidi ya amino iitwayo tirosini tunayoipata kwenye dagaa na maharage, lakini mafundi ni wawili. Seli ya neva ina fundi wake, anayeigeuza tirosini kuwa dopamini, na niuromelanini inatokea yenyewe baada ya hapo. Ualbino umemgusa fundi mmoja tu, wa ngozini. Tangu miaka ya 1950 imeandikwa kwamba watu wenye ualbino waliochunguzwa ubongo baada ya kufariki walikutwa na nyusi za ndani nyeusi kama za watu wengine.

Nikuongezee jambo litakalokushangaza. Mwaka 2019 watafiti wa Barcelona walipandikiza jeni la tirosinasi ya binadamu kwenye substansia nigra ya panya. Panya wale wakatengeneza weusi kama wetu. Ulipopita kiwango fulani, seli zikaanza kuelemewa na panya wakawa wazito wa kutembea. Kwa hiyo hata ingekuwa kweli kwamba mtoto wako ana upungufu wa weusi huo ndani, na si kweli, bado isingefuata kwamba yuko hatarini. Tatizo la Parkinson ni seli kufa. Weusi unapotea kwa sababu mwenye paa amekufa na jiko limebomoka. Jiko halibomoki kwa kukosa masizi.

Kwa macho yake, hapo kweli ualbino una mkono. Jicho linapoumbwa tumboni linahitaji rangi ili kitovu cha retina, sehemu ya kuonea vitu vidogo, kikomae. Kwa mtoto mwenye ualbino kitovu hicho hakikomai vya kutosha, na nyuzi za neva zinazotoka machoni nyingi zaidi ya kawaida zinavuka kwenda upande wa pili wa ubongo. Jicho linakosa mahali pa kutulia, likaanza kuchezacheza. Tunaita nistagmasi. Inaanza miezi ya mwanzo ya maisha, haina tabia ya kuenea kwenda mikononi, na mara nyingi inapungua kidogo mtoto akikua. Parkinson inaanza ukubwani, kwa kawaida upande mmoja wa mwili, na ni nadra sana kabla ya miaka 40. Ukimwona mtoto anainamisha shingo upande anaposoma, usimnyooshe na mwambie na mwalimu wake asimnyooshe: amepata pembe ambayo macho yanatulia, na ndiyo anayoonea vizuri. Akae mbele darasani. Apimwe macho kila mwaka.

Na urithi wa bibi? Parkinson nyingi hazirithiwi moja kwa moja. Mtu mwenye mzazi mgonjwa ana uwezekano uliozidi kidogo wa wengine, na kwa mjukuu ziada hiyo ni ndogo zaidi. Ualbino wa mtoto wako umetoka pembe nyingine, nakala moja ya jeni kutoka kwako na nyingine kutoka kwa baba yake, bila nyinyi wawili kuonyesha dalili yoyote. Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, hivyo wanaobeba nakala moja bila kujua ni wengi mno. Kama nyumbani kuna anayekulaumu wewe peke yako, msomee sentensi hiyo ya nakala mbili.

Tuje kwa mama. Unasema ni mkono wa kulia. Basi nyusi ya ndani iliyotangulia kuumia ni ya kushoto, kwa maana amri za mwendo huvuka upande. Tulilijua hili kwa bahati ya ajabu. Mwaka 1893 huko Paris, Blocq na Marinesco walieleza mgonjwa aliyetetemeka upande wa kushoto tu, mtetemo uleule wa Parkinson. Alipofariki walikuta uvimbe wa kifua kikuu umekaa kwenye ubongo wa kati upande wa kulia, umeiharibu substansia nigra. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff akachunguza bongo za wagonjwa wa Parkinson wenyewe, wasio na uvimbe wowote, akakuta nyusi zimepauka na seli zimeondoka. Wazee wa fani walikawia kumkubali. Mwaka 1960 ndipo Ehringer na Hornykiewicz, Vienna, walipopima dopamini katika bongo za wagonjwa wakaikuta imeshuka vibaya, na habari ikakamilika.

Kinachoua seli hizo kimeeleweka kwa sehemu. Kila moja ina mkia unaopanda hadi katikati ya ubongo mkubwa na kugawanyika matawi yasiyohesabika, kama mti mmoja uliotakiwa kutia kivuli kijiji kizima. Inapiga ishara usiku na mchana bila kupumzika. Seli ya namna hiyo inaishi ukingoni mwa nguvu zake. Ndani yake kuna protini iitwayo alfa-sainuklini ambayo kwa wagonjwa inaanza kujikunja vibaya na kurundikana, na seli iliyokwisha kuchoka haihimili. Mpaka mkono uanze kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo, pengine nusu, zimekwisha kwenda. Hii ndiyo sababu ugonjwa unaonekana umeanza mwaka juzi ilhali ulianza zamani sana.

Na hapo ndipo linapoingia lile unaloona haya kulisema. Usione haya; ni jambo la maana kuliko yote uliyoniandikia, na ningependa daktari wa mama alisikie. Kila usiku, katika ile hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, ubongo unaizima misuli ili tusizitende ndoto zetu. Swichi ya kuzima iko kwenye ghorofa ya daraja, karibu kabisa na lile doa la buluu. Swichi ikiharibika, mtu akiota anafukuzwa anakimbia kitandani, akiota anapigana anampiga aliyelala naye. Mwaka 2003 Heiko Braak na wenzake walieleza kwamba kwa wagonjwa wengi uharibifu unaanza chini, kwenye medula, na kwenye neva za harufu, unapanda kwenye daraja, ndipo unaingia ubongo wa kati. Si kila mgonjwa anafuata ngazi hiyo, lakini wengi wanaifuata. Mkumbushe mama: alipata kufunga choo sana miaka ile? Hiyo ni neva ya vagasi, ghorofa ya chini. Bado anasikia harufu ya asumini, au anajua tu kwamba ni asumini kwa kuiona? Yakikubaliana hayo na mayowe ya usiku, basi mlikuwa mnauona ugonjwa ukipanda ngazi, hakuna aliyejua. Mlimsomea, mlifanya vema, dua haina ubaya. Mimi mwenyewe, kabla sijasoma mambo haya, ningemwita mtu wa kumsomea. Kwa sasa sogezeni kitanda mbali na ukuta, muondoe kiti chenye pembe na taa ya kioo pembeni, na mwambie daktari. Ipo dawa ya kupunguza fujo za usiku.

Watu wengi wananiuliza kama wafanye kipimo cha picha ili "kuona weusi uliobaki". CT haiuonyeshi. Zipo MRI zenye mpangilio maalumu zinazoonyesha niuromelanini, lakini zinatumika zaidi kwenye utafiti. Parkinson inatambuliwa kwa mikono na macho ya daktari: mtetemo wa mkono uliopumzika, ukakamavu wa kiungo, na zaidi ya yote uzito na ufinyu wa mwendo. Picha inasaidia kuondoa mashaka ya uvimbe, kiharusi au maji kujaa kichwani. Kama daktari aliomba CT kwa sababu hiyo, sawa. Kama ni kutafuta nyusi nyeusi, hela hiyo inunue dawa.

Kabla ya kukubali jina la Parkinson moja kwa moja, fungua mfuko wa dawa za mama, hata zile za zamani. Haloperidoli na klopromazini za magonjwa ya akili, metoklopramidi ya kuzuia kutapika, sinarizini ya kizunguzungu: zote zinaweza kumfanya mtu atetemeke na kukakamaa akafanana kabisa na mgonjwa wa Parkinson, wakati seli zake nyeusi ni nzima. Zinachofanya ni kuziba masikio ya zile seli zinazopokea dopamini. Zikiondolewa chini ya uangalizi, wengi wanarudi hali yao baada ya wiki au miezi. Nimekutana na bibi aliyetibiwa Parkinson miaka miwili, na muda wote huo alikuwa akinunua dukani vidonge vya kizunguzungu.

Umeuliza kama dawa zitarudisha weusi. Hapana, mwanangu. Hakuna dawa leo inayofufua seli hizo wala kusimamisha kwa uhakika kufa kwa zilizobaki. Lakini weusi sio anaouhitaji mama. Anahitaji dopamini, na hiyo tunaweza kumpa kwa mlango wa nyuma. Dopamini yenyewe haivuki ukuta kati ya damu na ubongo. Levodopa inavuka, na ikishafika seli zilizobaki zinaimalizia kuwa dopamini. Inatolewa pamoja na karbidopa, ambayo inazuia isigeuzwe njiani na kumtapisha. Kwa mtetemo na uzito wa mama yako ndiyo dawa bora tuliyonayo, na kama bado hajaipata, hiyo ndiyo ya kuulizia. Baada ya miaka kadhaa kipimo kinaanza kuisha kabla ya saa yake, na mwili unaweza kuanza kujinyonganyonga. Hilo linarekebishika kwa kupanga upya vipimo. Sishauri kumnyima dawa sasa kwa kuogopa ya mbele. Miaka anayoweza kutembea vizuri ni hii.

Ameze nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Nyama, samaki, maharage na maziwa vinagombania mlango uleule na levodopa, na dawa ikishindwa mlangoni utasema haifanyi kazi. Asiache ghafla hata siku zikiwa ngumu. Akisikia kichefuchefu asipewe metoklopramidi. Nimeshaeleza inafanya nini.

Upupu sasa. Jirani hajasema upuuzi, na nakiri swali hili limenifurahisha. Mbegu za upupu, zile ambazo maganda yake yanawasha mpaka mtu avue nguo njiani, kweli zina levodopa, tena kwa wingi, asilimia kadhaa ya uzito wake. Zimejaribiwa kitaalamu kwa wagonjwa wasiomudu vidonge, zikaonyesha zinafanya kazi. Tatizo ni kijiko. Mbegu za shamba moja hazina nguvu sawa na za jingine, hazina karbidopa, na mama akizichanganya na vidonge vyake ni kama kumeza dozi mbili: kutapika, presha kushuka akisimama, kuona watu wasiokuwepo. Kama anapata vidonge, achaneni nazo. Kama hampati vidonge kabisa, hilo mlijadili na daktari uso kwa uso, msianze jikoni.

Ningependa mama aonwe na daktari wa neva walau mara moja. Toka Tanga mnaweza kwenda Muhimbili au hospitali ya KCMC pale Moshi, na nina sababu ya kuwaelekeza KCMC. Hospitali hiyo ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia watu wenye ualbino; ulizieni hapo mafuta yao ya kukinga jua. Safari moja, nauli moja, bibi na mjukuu wote wanaonwa. Jua ndilo adui halisi wa mtoto huyu, si ubongo wake: kofia pana, mikono mirefu, mafuta, na kila kidonda cha ngozi kisichopona kwa wiki kadhaa kionyeshwe. Hapo jirani, Wilaya ya Hai, ulifanyika utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008, na wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mama yako ameshaambiwa. Ametangulia hatua moja.

Msingoje tarehe ya kliniki ikiwa anaanguka, anapaliwa na chakula au maji, anaona au kusikia visivyokuwepo, au amepata homa na kukakamaa baada ya dawa kuisha. Hayo yanataka hospitali siku hiyohiyo. Vilevile udhaifu wa ghafla wa upande mmoja au mdomo kupinda: hiyo siyo Parkinson, huenda ni kiharusi, na kila saa ina bei.

Kuhusu kusuka, asiache. Achague saa ambayo dawa imeshika, aone kama kuimba au kuhesabu kwa sauti kunamrahisishia vidole, wengi kunawasaidia. Na siku ya kwenda Moshi, mtafute ukili aliousuka miaka mitatu iliyopita, uwekeni mfukoni pamoja na aliousuka mwezi huu. Daktari aukunjue mezani, aone msuko ulipoanza kubana na mistari ilipoanza kupishana, na amuulize mama huo ulikuwa mwaka gani.